Habari ya Neno "Wrought"

Ndugu walimu, na ninyi wasomaji wengine mpendao elimu ya lugha, kila afundishaye Kiingereza ajua ya kwamba pana mlima mmoja ambao mwanafunzi hana budi kuupanda, nao ni ule wa vitenzi visivyofuata kanuni katika wakati uliopita. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili, au katika lugha za nchi zetu zilizo jamaa yake, tumezoea wepesi. Twatia "li" mahali pake na kazi imekwisha: mtu aandika, jana aliandika, asoma, jana alisoma. Mwili wa kitenzi haubadiliki. Lakini Mwingereza asema "bring" leo na "brought" jana, "teach" leo na "taught" jana, wala hapana alama ya nje impayo mgeni habari ya kuwa maneno hayo ni ya nyumba moja.

Katika orodha ya vitenzi hivyo, ambayo vitabu vingi vya sarufi huichapa katika kurasa za mwisho, pana mstari mmoja tutakao kuueleza leo. Ni mstari wa kitenzi "work", maana yake kufanya kazi. Mbele yake mwanafunzi huona "worked", na katika vitabu vingine huona tena neno la pili, "wrought", pasipo maelezo yo yote. Naye akiyaona yamewekwa sawasawa kama mapacha, hudhani ya kwamba yu huru kuchagua alipendalo. Dhana hiyo ina hasara, na hasara yenyewe si ya alama za mtihani tu.

Twamjua kijana mmoja aliyemaliza masomo yake vizuri, akakaa miaka mitatu katika duka la mfanya biashara akimwandikia hesabu zake. Kazi ile ilipokwisha aliandika barua ya Kiingereza kuomba kazi katika ofisi moja. Alitaka kueleza ya kwamba alifanya kazi dukani kwa muda wa miaka mitatu. Akafungua orodha yake, akaona "worked" ni neno la kila siku alijualo kila mtoto, na "wrought" ni neno zito lifaalo wakubwa. Akaliandika hilo la pili. Barua ilisomwa kwa sauti mbele ya makarani, wakacheka. Alipokwenda kuuliza jibu, mmoja wao alimwita kwa neno lile kana kwamba ni jina lake. Hatusemi ya kwamba alikosa kazi kwa ajili ya neno moja, maana hatukuwapo walipoamua. Tujualo ni hili: tangu siku ile hakutaka tena kuandika barua kwa mkono wake. Kwa muda mrefu alikuwa akimlipa mwandishi wa barua chini ya mti amwandikie. Kijana mwenye mwandiko mzuri na akili njema alikuwa akinunua kwa fedha kitu alichokuwa nacho tayari.

Wala yule kijana hakukosa maana. Mwenye kusema "wrought" asema kweli "alifanya kazi". Alichokosa ni mahali pa neno. Kwa hiyo yafaa tulitazame neno hili tangu asili yake, tujue lilitoka wapi, laketi wapi sasa, na sisi tumfundishe mtoto nini.

Zaidi ya miaka elfu iliyopita Waingereza walisema "wyrcan", yaani kufanya kazi, na wakati wake uliopita ulikuwa "worhte". Mwenye macho ataona mara moja ya kwamba "worhte" si mbali na "work". Baadaye sauti mbili zilibadilishana nafasi: o iliyokuwa mbele ya r ikaja nyuma yake, na neno likaelekea kuwa hili tulionalo. Jambo hilo si la ajabu katika Kiingereza. Neno "bird", yaani ndege, zamani lilikuwa "bridd", nalo lilitumika kwa makinda. Na neno "third", yaani wa tatu, lilikuwa "thridda". Ulimi wa watu hupenda kurahisisha njia yake, na vitabu hufuata nyuma.

Ama zile herufi "gh", ambazo huwatesa wanafunzi kwa kuwa zaandikwa wala hazisikiki, nazo zina habari yake. Zamani zilitamkwa, na sauti yake ilikuwa karibu na ile "kh" ambayo watu wa pwani huitamka katika neno "kheri". Sauti imekufa, herufi zimebaki kama jiwe juu ya kaburi. Hata ile "w" ya mbele ilitamkwa zamani, kama ilivyotamkwa katika "write" na "wrong". Siku hizi mtu akitaka kulitaja neno "wrought" na aseme kama asemaye "roti" bila i ya mwisho, akivuta o kidogo. Amwambie mwanafunzi pia ya kwamba neno hili lina wenzake: "brought", "thought", "sought", "bought" na "taught". Akiwajua hao, hataona tena kwamba "wrought" ni mgeni asiye na kwao.

Basi "worked" ilitoka wapi? Vitenzi vilivyo vingi vya Kiingereza hufanya wakati uliopita kwa kuongeza "ed" mwishoni, na vilivyo vingi huwavuta vilivyo vichache. Watu walianza kusema "worked" kwa kufuata njia hiyo kuu, na karne baada ya karne neno jipya likaongezeka, la kale likapungua. Hapakuwa na sheria iliyoamuru, wala mwalimu aliyekataza.

Ushahidi wa jambo hili tunao mikononi mwetu, katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611. Mwalimu aifungue katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mahali pa mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Wale walioajiriwa alfajiri walinung'unika walipoona ya kwamba wale wa saa kumi na moja, waliofanya kazi saa moja tu, wamepewa ujira ulio sawa na wao. (Na hiyo saa kumi na moja haina haja ya kufasiriwa kwetu, kwa kuwa twahesabu saa zetu tangu mapambazuko kama wao.) Katika maneno ya manung'uniko yale kitenzi cha mwaka 1611 ni "wrought". Lakini katika Agano Jipya lililosahihishwa huko Marekani na kutolewa mwaka 1946, mahali pale pale pana "worked".

Tulifikiri sana juu ya aya hiyo. Wasemao pale si wafalme, wala si manabii. Ni vibarua waliochoka, wenye jasho na vumbi, wakidai haki ya mchana wao. Neno walilotiwa kinywani ni "wrought". Kadhalika katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, Naomi alipotaka kujua mkwewe alifanya kazi wapi siku ile alipookota masazo, kitenzi ni hicho hicho. Katika Nehemia, sura ya 4, wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu, mkono mmoja ukiwa kazini na wa pili ukishika silaha, kitenzi ni hicho tena. Basi neno hili halikuzaliwa katika fahari. Lilizaliwa shambani na penye mawe ya kujengea. Ni uzee tu uliolivika joho, na yule kijana wa duka alidanganywa na joho.

Sasa twende kwenye kosa la pili, ambalo hata waandishi waliozoea Kiingereza huanguka kwalo. Pana kitenzi kingine, "wreak", ambacho maana yake ni kutoa hasira au kisasi juu ya mtu, na siku hizi hutumika sana pamoja na neno "havoc", maana yake maangamizi. Kwa kuwa "wreak" na "wrought" zaanza kwa herufi zile zile mbili, wengi hufikiri ya kwamba la pili ni wakati uliopita wa la kwanza. Sivyo. Wakati uliopita wa "wreak" ni "wreaked", nacho ni kitenzi cha ukoo mwingine kabisa. Lakini mtu akiandika ya kwamba dhoruba "wrought havoc" hakukosea, maana Waingereza husema pia "work havoc", yaani kufanya maangamizi. Hapo "wrought" ni mtoto wa "work" kama kawaida yake. Mwalimu aliye na haraka huweza kumkata mtoto alama mahali pasipo kosa, na mtoto aliyeonewa hulikumbuka jambo hilo kuliko somo lenyewe.

Neno hili laishi wapi leo? Kwanza, laishi katika kiwanda cha mhunzi. Waingereza husema "wrought iron", yaani chuma kilichofuliwa. Tofauti yake na chuma cha kumiminwa katika kalibu ni kubwa. Chuma cha kumiminwa kina kaboni nyingi, nacho ni kigumu lakini huvunjika kikipigwa. Chuma cha kufuliwa kina kaboni kidogo sana, nacho hukubali nyundo: hupindwa, huvutwa, hukunjwa. Mnara wa Eiffel ulioko Paris, uliokamilika mwaka 1889, ulijengwa kwa chuma cha namna hii, kiasi cha tani 7,300 hivi. Siku hizi mageti na vitanda viuzwavyo kwa jina hilo vingi vyake vimefanywa kwa chuma cha pua, lakini jina limebaki. Mtu akisema "worked iron" mahali hapo, Waingereza watamwelewa, lakini watajua ya kuwa hajakaa karibu na neno lao.

Pili, laishi katika neno "overwrought". Mwanafunzi asilichanganye na "overworked". Huyu wa pili ni mtu aliyetwishwa kazi kupita nguvu zake. Wa kwanza ni mtu ambaye moyo wake umevutwa mno, kama kamba iliyokazwa hata karibu kukatika: mama aliyekesha kando ya mtoto mgonjwa, kwa mfano, ambaye neno dogo lamliza. Asili ni moja, matumizi mawili.

Tatu, laishi katika habari za mambo makubwa yaliyoleta mageuzi. Vita, tauni, reli na uvumbuzi husemwa ya kwamba vime-"wrought" mabadiliko katika nchi. Hapo neno lafaa, kwa kuwa lenyewe lina uzito wa kazi iliyochukua muda mrefu na kuacha alama.

Tena lina ndugu aliyejificha katika majina ya mafundi. Fundi, kwa Kiingereza cha kale, aliitwa kwa neno ambalo leo laandikwa "wright". Hivyo "shipwright" ni fundi wa merikebu, "wheelwright" ni fundi wa magurudumu, na "playwright" ni fundi wa michezo ya kuigiza. Hapa twapata faida kubwa, kwa sababu wanafunzi wengi huandika "playwrite", wakidhani ni mwandishi. Kumbe Kiingereza chamhesabu kuwa fundi, kama seremala, mwenye kuunga vipande hata vikasimama. Jina hilo limekuwa pia jina la ukoo. Wale ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliorusha ndege yenye mashini tarehe 17 Desemba 1903, walichukua jina lenye maana ya fundi, na kwao jina na kazi vilikutana.

Pana mahali pengine ambapo neno hili lilipata sifa duniani. Tarehe 24 Mei 1844, Samuel Morse, akiwa Washington, alipeleka kwa simu ya waya habari ya kwanza ya kuufungua ule waya mpya wa kwenda Baltimore, umbali wa maili 40 hivi. Hakupeleka bei ya ngano, wala salamu za serikali. Alipeleka maneno machache ya kitabu cha Hesabu, sura ya 23, aya ya 23, yaliyochaguliwa na msichana aitwaye Annie Ellsworth. Ni maneno ya kustaajabia matendo ya Mungu, na kitenzi chake ni "wrought". Mashini mpya kuliko zote za siku ile ilisema kwa kitenzi cha kale. Palikuwa mahali pake hasa, maana mambo yale yalikuwa makuu, na kila aliyesikia alijua maneno yametoka katika kitabu gani.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya Waingereza na lugha yao yenye visa, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu, kwani Kiswahili nacho kina vyumba vyake vya kale. Tulisema hapo juu ya kwamba mwili wa kitenzi chetu haubadiliki, nayo ni kweli kwa Kiswahili cha shule. Lakini washairi wa kale wa Lamu na Pate walikuwa na njia nyingine ya kueleza tendo lililokwisha. Mahali ambapo sisi twasema "amesimama", wao waliweza kutumia "simeme". Mahali pa "amelala", walitumia "lele". Tazameni: hawakutia kitu mbele tu, bali waligeuza mwili wa kitenzi wenyewe, kama Mwingereza alivyogeuza "work". Mabaki ya jambo hilo yangali yasikika katika lahaja za kaskazini mwa pwani. Basi, mwenye kusoma tenzi asipoyajua maneno haya atapita juu ya mali bila kuiona. Lakini mwenye kuyatia katika barua ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa, aandike ya kwamba mtoto wake "ulele" kwa homa, hatasifiwa kwa ushairi. Ataulizwa kama ni mzima. Twaona ya kwamba yule kijana wa duka alifanya jambo ambalo kwa lugha yake mwenyewe asingalilifanya kamwe, kwa sababu kwa Kiswahili alijua maneno na makao yake pia. Kwa Kiingereza alipewa maneno, makao hakuonyeshwa.

Kwa hiyo, ndugu walimu, twatoa mashauri machache, nayo ni mepesi kuyafuata.

La kwanza, tusifundishe neno peke yake kama mfungwa aliyetengwa. Tulifundishe pamoja na jirani zake. Kwa "wrought" jirani ni chuma, mabadiliko, maangamizi, na matendo makuu ya Biblia. Mtoto akiliona neno na jirani zake, hulijua. Akiliona nje ya mtaa wake, hujihadhari.

La pili, tuwe na daftari mbili. Moja ni ya maneno ya kuelewa, nyingine ya maneno ya kutumia. "Wrought" na liandikwe katika ile ya kwanza, na "worked" katika zote mbili. Si haya mtu kuwa na maneno mengi ayaelewayo kuliko ayatumiayo. Hata mwenye lugha yu hali iyo hiyo.

La tatu, mwanafunzi akishikwa na shaka, na aweke "worked" katika sentensi yake kisha aisome. Ikisimama, na aiache hapo hapo. Kwa barua za kazi, kwa insha, kwa habari za kila siku, itasimama karibu kila mara.

La nne, tuwasimulie asili ya neno. Orodha husahauliwa jioni ile ile, lakini mtoto aliyesikia habari ya herufi zilizokufa, na ya sauti zilizobadilishana nafasi, hurudi nyumbani akawasimulie wadogo zake.

Kisha tusiwaache watoto wetu waamini ya kwamba "worked" ni neno duni kwa kuwa ni jepesi. Kati ya maneno haya mawili, hilo ndilo kibarua wa saa kumi na moja. Lilikuja nyuma, jua likiwa limeshuka, likapewa ujira ulio sawa na wa mwenzake. Na leo kazi karibu yote ya shamba lafanya lenyewe. Mzee wake amepumzika, naye astahili heshima ya wazee: tumjue kwa jina, tumwelewe asemapo, wala tusimwamshe kwenda kubeba mizigo isiyo yake.

Ama yule kijana, baadaye alipata kazi mahali pengine, akaandika barua zake mwenyewe tena. Tulipata kuiona mojawapo. Ilikuwa fupi, safi, haina neno la joho hata moja, na kila aliyeisoma alimfahamu.